Seftriaksoni na maji ya dripu: soma chupa ya maji kabla ya kufungua kichupa cha dawa

Somo hili nimewaandikia wauguzi, matabibu na wanafunzi wa uuguzi walio katika zahanati na vituo vya kwetu Lamu, visiwani na bara, kuanzia Kiunga na Kizingitini hadi Matondoni na Mokowe, ambako mara nyingi mtu mmoja ndiye anayempima mgonjwa, ndiye anayechanganya dawa, ndiye anayeweka dripu na ndiye anayejaza faili, tena wakati mwingine usiku, umeme umekatika na tochi ya simu imeshikwa na jamaa wa mgonjwa. Wanachama wasio wahudumu wa afya wanakaribishwa kulisoma, kwa sababu wao ndio wanaokaa kitandani na mgonjwa na mara nyingi huona badiliko kabla ya muuguzi. Ila sindano hii ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, si ya kudungana majumbani, na nitalirudia hilo kwenye maswali.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kituo ambacho sitakitaja, alilazwa mvuvi wa makamo mwenye nimonia, aliyekuwa amekauka maji mwilini baada ya siku tatu za homa akiwa baharini. Maji ya Ringa, maji ya dripu yenye kalsiamu ndani yake, yalikuwa yakishuka vizuri katika mkono wake wa kushoto. Nilichanganya gramu 1 ya seftriaksoni, nikaichoma kwenye kile kifundo cha mpira kilicho kwenye mrija wa dripu, na kabla sijafika nusu ya bomba, mrija uliokuwa safi kama kioo ukaingia weupe, mfano wa maji yaliyotiwa tui. Nilifunga gurudumu la mrija, nikauchomoa kwenye kanula, ile neli ndogo inayokaa ndani ya mshipa, nikatoa kanula yenyewe na kuanza upya mkono wa pili kwa vifaa vipya. Mgonjwa hakudhurika. Muuguzi mkuu hakunifokea, aliuchukua ule mrija, akauinua dirishani, akaniuliza, "Angekuwa mtoto mchanga, huu weupe ungekwenda kukaa wapi?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Jibu ni kwamba ungekaa kwenye mapafu na figo zake.

Seftriaksoni, ambayo iliingia sokoni mwaka 1982 kutoka kampuni ya Roche ya Uswisi, ikikutana na kalsiamu ndani ya mrija hufanya chembe ngumu zisizoyeyuka. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kuripotiwa vifo vya watoto wachanga waliopewa dawa hii pamoja na maji au dawa zenye kalsiamu, na chembe hizo zikakutwa kwenye mapafu na figo. Mwaka 2009 onyo hilo lilirekebishwa: kwa mgonjwa aliyezidi umri wa siku 28, vitu hivi viwili vinaweza kufuatana, kimoja baada ya kingine, mradi mrija usafishwe vizuri katikati; kwa mtoto aliye na siku 28 au chini ya hapo, katazo limebaki pale pale. Mengi ya hatua zinazofuata yanatokana na jambo hili moja.

Hatua ya kwanza: hakikisha dawa yenyewe inahitajika

Shirika la Afya Duniani, katika mpangilio wake wa dawa za kuua bakteria wa mwaka 2017, liliiweka seftriaksoni katika kundi la dawa za kuangaliwa, yaani zile zinazotakiwa kutumiwa kwa uangalifu kwa kuwa bakteria huzizoea upesi zikitumiwa ovyo. Ni dawa ya homa ya uti wa mgongo, nimonia kali, sumu ya bakteria katika damu, homa ya matumbo iliyothibitishwa, kisonono na maradhi mengine ya kiwango hicho. Si dawa ya mafua, wala si dawa ya kila homa. Kwa pwani yetu, mgonjwa wa homa apimwe malaria kwanza, kisha ndipo tuzungumze habari ya sindano. Nasema haya nikijua kwamba katika baadhi ya vituo seftriaksoni imekuwa kama chumvi ya mezani, kila mlo inatiwa. Nami naona tabia hiyo imetufikisha pabaya zaidi kuliko upungufu wa dawa.

Hatua ya pili: uliza habari za mzio, na uulize vizuri

Usiulize tu, "Una mzio wa dawa?" kwa sababu watu wengi watasema hapana, na wengine watasema ndiyo kwa kuwa waliwahi kuharisha baada ya kunywa amoksilini, na huko si kupatwa na mzio. Uliza: uliwahi kuchomwa sindano ukavimba midomo, ukatoka vipele vya kuwasha mwili mzima, ukakosa pumzi au ukazimia? Aliyewahi kupatwa na hayo kwa seftriaksoni au dawa za jamii yake asipewe kabisa. Aliyepatwa na hayo kwa penisilini hakatazwi moja kwa moja, kwa sababu uwezekano wa kudhurika na seftriaksoni ni mdogo, lakini uamuzi huo si wa muuguzi peke yake. Mpigie daktari kwanza.

Kabla ya kuchoma, adrenalini iwe tayari kwenye sinia, si ndani ya kabati ambalo ufunguo wake amekwenda nao mtu wa zamu ya asubuhi. Kwa mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali ni miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya adrenalini ya 1 kwa 1,000, ndani ya msuli wa upande wa nje wa paja. Kwa mtoto ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na isizidi kipimo cha mtu mzima.

Hatua ya tatu: tazama umri, kisha tazama macho

Mtoto mchanga mwenye umanjano, au aliyezaliwa kabla ya wakati, asipewe seftriaksoni, hata kama hana dripu yoyote. Sababu yake ni tofauti na ile ya kalsiamu: dawa hii hushikamana na protini ya damu inayobeba bilirubini, ile rangi inayoleta umanjano, ikaisukuma bilirubini nje, nayo ikapata njia ya kuingia kwenye ubongo. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa mchana na uangalie weupe wa macho na ngozi ya tumbo, kwa maana taa za manjano hudanganya. Kwa watoto wachanga matibabu ya kuanzia yaliyozoeleka nchini kwetu ni penisilini pamoja na jentamaisini, na pale inapohitajika dawa ya jamii ya seftriaksoni, sefotaksimu ndiyo salama zaidi kwao. Mtoto wa namna hii akiwa kisiwani, dozi ya kwanza ya dawa hizo zinazomfaa apewe kabla ya kupanda boti, isingoje Mokowe wala isingoje maji kujaa.

Hatua ya nne: soma chupa ya maji

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Chupa za maji ya dripu zinafanana mno: plastiki ile ile, ujazo ule ule wa mililita 500 au lita 1, na maandishi madogo ya buluu au kijani ambayo hubadilika kila kampuni inapobadilika. Mwezi huu chupa ya maji ya chumvi ina maandishi ya kijani, mwezi ujao kijani hicho hicho ndicho cha Ringa. Kwa hiyo usisome rangi; soma maneno, tena soma mstari wa viambato.

Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yana gramu 9 za chumvi katika kila lita, basi, hakuna kingine. Haya yanakubaliana na seftriaksoni. Maji ya sukari ya asilimia 5 yana gramu 50 za sukari katika lita, nayo pia yanakubaliana. Maji ya Ringa yana chumvi, potasiamu, lakteti na kalsiamu. Hiyo kalsiamu ni kidogo sana kwa hesabu, lakini inatosha kuutia mrija tui. Maji ya Hartmann ni ndugu yake Ringa, na hukumu yao ni moja. Usisahau pia sindano ya kalsiamu glukoneti, ambayo hutolewa kwa watoto wachanga wenye degedege la upungufu wa kalsiamu na kwa mama aliyezidishiwa magnesiamu: ile ndiyo kalsiamu yenyewe, tena kali.

Mazoea yangu, ambayo nimewafundisha wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu, ni kushika chupa ya maji kwa mkono wa kushoto na kulisoma jina lake kwa sauti, kabla mkono wa kulia haujagusa kichupa cha dawa. Kama mgonjwa ana mwenzake kitandani, namwomba naye asome. Mama mmoja wa Langoni aliwahi kuniambia, "Bi Muuguzi, hapa pameandikwa neno jingine," na alikuwa sahihi.

Hatua ya tano: kuchanganya

Seftriaksoni huja kama unga mweupe au wenye umanjano hafifu, katika vichupa vya miligramu 250, miligramu 500 au gramu 1. Tazama tarehe ya mwisho, tazama unga kama umegandamana, na kumbuka kwamba joto la kaskazi ndani ya stoo ya mabati halipendwi na dawa yoyote. Vichupa vikae kwenye boksi lao, mbali na mwanga.

Kwa mshipa, gramu 1 huchanganywa na maji safi ya sindano hadi mililita 10. Zingatia neno "hadi". Unga wenyewe unachukua nafasi, kwa hiyo ukimimina mililita 10 kamili juu ya unga utapata zaidi ya mililita 10, na kipimo cha mtoto kitapungua bila wewe kujua. Tia maji kama mililita 9, tikisa mpaka unga uishe chini na pembeni, vuta yote kwenye bomba, kisha ongeza maji hadi mstari wa 10. Sasa kila mililita 1 ina miligramu 100. Mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa miligramu 50 kwa kilo anahitaji miligramu 600, yaani mililita 6. Iandike hesabu hiyo kwenye faili, usiibebe kichwani.

Dawa iliyochanganywa huwa na rangi ya manjano hafifu au ya kahawia ya asali. Hilo si kosa. Ikiwa na ukungu au vipande, itupe. Itumie mara moja. Kile kichupa kilichobaki nusu kwa ajili ya mgonjwa wa jioni, katika joto letu, si akiba.

Kwa msuli, gramu 1 huchanganywa na mililita 3.5 za lidokaini ya asilimia 1, kwa sababu bila ganzi sindano hii inauma vibaya, na huchomwa ndani kabisa ya msuli mkubwa, isizidi gramu 1 upande mmoja. Mchanganyiko wenye lidokaini usiingie kwenye mshipa kwa hali yoyote; lidokaini katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Bomba lenye lidokaini lipewe kibandiko kilichoandikwa MSULI pale pale, kabla halijawekwa chini, na usiliweke meza moja na bomba la mshipa. Vuta pistoni kidogo kabla ya kusukuma. Damu ikiingia, toa.

Hatua ya sita: kuitoa dawa

Kwa mtu mzima, gramu 1 husukumwa mshipani polepole kwa muda wa dakika 5 hivi. Dakika 5 ni ndefu ukiwa umesimama na mgonjwa wa pili anakuita, kwa hiyo tazama saa, usikisie. Dozi ya gramu 2, na kwa mtoto dozi ya miligramu 50 kwa kilo au zaidi, iwekwe kwenye maji ya chumvi au ya sukari na ishuke kwa muda usiopungua dakika 30.

Ikiwa mgonjwa aliyezidi siku 28 tayari ana Ringa inayoshuka, fuata mpango huu bila kuruka: funga Ringa, safisha kanula kwa mililita 10 za maji ya chumvi, toa seftriaksoni, safisha tena kwa mililita 10 za maji ya chumvi, ndipo urudishe Ringa. Dawa isichomwe kwenye kifundo cha mpira juu ya mrija wa Ringa, hata kama umeufunga, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya mrija ni yale yale. Mimi nilijifunza hilo kwa macho yangu.

Jentamaisini nayo isiingie bomba moja wala mrija mmoja kwa wakati mmoja na seftriaksoni. Zinaweza kutibu mgonjwa mmoja, ila kila moja na wakati wake, na maji ya chumvi katikati.

Hatua ya saba: hesabu matone

Seti ya kawaida ya dripu hutoa matone 20 kwa mililita 1. Seti ya watoto yenye matone madogo hutoa 60. Zidisha ujazo kwa idadi ya matone ya seti, kisha gawa kwa dakika. Mililita 100 za maji ya chumvi zenye dawa, kwa dakika 30, kwa seti ya matone 20, ni 2,000 gawa kwa 30, karibu matone 67 kwa dakika, yaani kama 17 kwa kila sekunde 15. Hesabu ukiangalia saa, kisha rudi baada ya dakika 5 uhesabu tena, maana mgonjwa akikunja mkono au jamaa akisogeza chupa, hesabu yako imeharibika.

Hatua ya nane: maji ya chumvi ni dawa

Tumezoea kuyaona maji ya dripu kama kitu kisicho na hatia. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi yetu ikiwamo, ukiongozwa na Kathryn Maitland, juu ya watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka, yawe ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), walikufa zaidi ndani ya saa 48 kuliko waliopewa maji ya kawaida polepole: takriban watoto 10 na nusu katika kila 100, dhidi ya 7 hivi. Wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kinyume chake.

Utafiti huo haukuhusisha watoto wenye kuhara, na hao wana utaratibu wao: mtoto aliyekauka vibaya kwa kuhara hupewa mililita 100 kwa kilo, ambapo mwenye umri chini ya mwaka 1 hupata 30 kwa kilo katika saa 1 na 70 kwa kilo katika saa 5, na aliyezidi mwaka hupata 30 kwa kilo katika nusu saa na 70 kwa kilo katika saa 2 na nusu. Maji yanayopendelewa hapo ni Ringa, na pale isipopatikana, maji ya chumvi. Mnaona sasa mtego ulipo: mtoto anayehara na ambaye pia ana homa ya hatari ndiye atakayekuwa na Ringa kwenye mkono na seftriaksoni kwenye karatasi. Anayeweza kunywa apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kwa kijiko, hata kama mama anaona dripu ndiyo matibabu.

Baada ya dozi, kaa na mgonjwa. Dakika 30 za mwanzo ndizo za kuangalia pumzi, vipele, midomo na shinikizo la damu. Kisha andika: dawa, kipimo, njia, saa, maji yaliyotumika, na jina lako. Mgonjwa akivushwa kwa boti kwenda hospitali ya kaunti, karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi wa kisiwa cha Pate anauliza: Dada, somo ni zuri, lakini stoo yetu wiki iliyopita ilibaki na Ringa peke yake, na boti ya dawa haikuja kwa sababu ya kusi. Mgonjwa mtu mzima ana nimonia. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza angalia kama una maji ya sukari ya asilimia 5, kwa sababu nayo yanafaa kusafishia mrija na kupitishia dawa. Ukikosa kabisa, mtu mzima asiye na mshtuko, yaani ule wa damu kutozunguka vizuri mwilini, anaweza kupewa kwenye msuli kwa lidokaini, na hapo huhitaji mrija wowote. Aliye katika mshtuko damu haifiki vizuri kwenye msuli, kwa hiyo huyo ni wa kupigiwa simu na kusafirishwa. Kitu ambacho hupaswi kufanya ni kuichanganya dawa kwenye Ringa kwa kusema ni mara moja tu.

Mama wa mtoto wa miaka 3, Langoni: Mwanangu alilia sana kwa sindano ya siku ya kwanza, siku ya pili nesi mwingine akachanganya na dawa nyingine na mtoto akalia kidogo tu. Je, alipewa kitu kisichofaa?

Jibu: Dada yangu, huenda ilikuwa ganzi ya lidokaini, nayo inafaa kabisa kwa sindano ya msuli. Una haki ya kuuliza dawa gani inaingia mwilini mwa mwanao, na muuguzi anayekujibu vizuri hajapoteza muda wake.

Mwanafunzi wa uuguzi: Bi Muuguzi, kwa seti ya matone madogo hesabu yangu hunichanganya. Kuna njia fupi?

Jibu: Ipo, mwanangu. Kwa seti ya matone 60 kwa mililita, idadi ya matone kwa dakika ni sawa na idadi ya mililita kwa saa. Ukitakiwa kutoa mililita 40 kwa saa, weka matone 40 kwa dakika. Njia hii haifai kwa seti ya matone 20, kwa hiyo soma kifuko cha seti kabla ya kukitupa.

Mwanachama wa Mpeketoni: Nina kikohozi cha wiki moja. Kwenye duka la dawa nimeuziwa vichupa vitatu vya sindano hii na jirani yangu anajua kuchoma. Ni vibaya?

Jibu: Ni vibaya, bwana, na nakujibu bila kuzunguka. Jirani yako hatakuwa na adrenalini, hatajua kama ile chupa ndogo aliyochanganyia ni maji au lidokaini, na hakuna aliyekusikiliza kifua. Kikohozi cha wiki moja mara nyingi ni cha virusi, na kikiwa cha muda mrefu zaidi kinahitaji kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Rudisha vichupa hivyo dukani, au vipeleke kituoni wakusaidie kuvitupa.

Mzee wa Shela: Mimi nikichoka huenda kuwekewa chupa moja ya maji, nami hupata nguvu. Kwa nini siku hizi mnanikatalia?

Jibu: Ami, kwa heshima yako, lita 1 ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi na haina hata chembe ya chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na wewe umetuambia una shinikizo la damu. Hata chupa ya maji ya sukari ina gramu 50 tu za sukari, ambazo bakuli la uji na tende chache zinazizidi. Nguvu unayoihisi huenda ni ya kulala saa mbili kwenye kitanda chenye feni, hiyo hatukunyimi. Lakini kuchoka kwako kunahitaji kupimwa damu, sukari na moyo, na ukija nitakushughulikia mwenyewe.

Mwanachama, Mkomani: Mwezi wa Ramadhani nimeandikiwa sindano hii kwa siku tano. Je, saumu yangu inabatilika?

Jibu: Hukumu ya saumu mwulize shekhe wako, mimi nitakueleza upande wa dawa. Seftriaksoni hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huondoka kwa saa 8 hivi, na ndiyo maana kwa maradhi mengi hutolewa mara moja kwa siku. Kwa hiyo, baada ya dozi ya kwanza, ambayo haifai kucheleweshwa, tabibu wako anaweza kupanga zinazofuata baada ya futari, saa ile ile kila siku. Mwenye homa ya uti wa mgongo hupewa kila baada ya saa 12, na huyo, kama alivyo mgonjwa yeyote anayehitaji dripu, ni mgonjwa ambaye Qur'ani imempa ruhusa ya kulipa siku nyingine.

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu: Mwanangu hupewa sindano hii kila anapolazwa na homa. Kuna la kuangalia?

Jibu: Lipo, dada, ingawa hutokea kwa nadra. Katika watu waliowahi kupewa seftriaksoni mara kadhaa, mwili unaweza kutengeneza kinga inayovunja chembe nyekundu za damu pindi dawa inaporudi, na watoto wenye selimundu ni miongoni mwa walioripotiwa kupatwa na hali hiyo, tena kwa ukali. Ukiona, ndani ya dakika au saa chache baada ya sindano, mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, viganja vimepauka ghafla, au mtoto analalamika mgongo na anahema, mwite muuguzi mara moja na useme wazi kwamba ni baada ya sindano. Dawa husimamishwa na damu hupimwa. Usiache kumpeleka hospitali kwa kuogopa jambo hili, kwa sababu homa kwa mtoto wa selimundu ni hatari ya karibu zaidi. Weka daftari dogo la tarehe zote alizopewa, uje nalo kila mara.

Muuguzi mwanafunzi wa pili: Mgonjwa wangu alimaliza siku 10 za seftriaksoni, picha ya tumbo ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, na hapo kabla hakuwa nayo. Apasuliwe?

Jibu: Usikimbilie hapo. Dawa hii hutoka kwa sehemu kupitia nyongo, na huko nako hukutana na kalsiamu, ikaacha tope linaloonekana kama mawe kwenye picha. Kwa wengi huyeyuka lenyewe baada ya dawa kusimamishwa, katika siku au wiki kadhaa. Mwambie daktari tarehe za dozi, na picha irudiwe baadaye. Kama ana maumivu makali upande wa kulia, homa au umanjano, hilo ni jambo jingine, aonwe leo.